Nnalongo Alisema Shona, Nikasikia Ona

Kama nyumbani kwenu kuna mtoto anayeitika baba akiita na kumwacha mama aite mpaka koo likauke, naomba kabla hujashika fimbo unisikilize kidogo. Mimi nilikuwa mtoto huyo. Tena sikuwa mtoto, nilikuwa msichana mzima, natembea na futikamba shingoni na kupima mabega ya watu. Sikujua kama naumwa. Hakuna mahali palipouma. Ningevunjika mguu, ningejua la kusema.

Ninaitwa Nafula. Wazazi wangu ni watu wa Kenya, upande wa magharibi, waliokuja Kampala baada ya vita vya themanini na sita, viwanda vilipoanza tena kutafuta watu. Baba alipata kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa upande wa chini wa fleti za Bugolobi. Mama alikaanga mandazi na chapati kwenye kibanda karibu na geti la kiwanda. Mimi nilizaliwa hapa hapa. Shule niliishia Sinia Tuu, yaani kidato cha pili, nikapelekwa kujifunza cherehani kwa mama mmoja Mganda tuliyemwita Nnalongo, maana alizaa mapacha, na kwao mama wa mapacha huitwa hivyo maisha yake yote. Ndoto yangu ilikuwa kushona gauni la harusi lenye mkia mrefu kiasi kwamba bibi harusi akifika madhabahuni, mkia uwe bado unashuka kwenye gari. Bado ndiyo ndoto yangu. Msinicheke.

Nikikumbuka sasa, jambo lilianza na senene, wale panzi wa kijani wanaokuja na mvua za mwisho wa mwaka. Mama aliniachia kikaango nikaange. Senene wakipata moto huwa wanalia, wanatoa mlio mwembamba, na kwa mlio huo ndio unajua wako tayari. Mimi nikangoja mlio. Nikangoja. Nikaongeza mkaa. Mama alipoingia, kikaango kilikuwa kinatoa moshi mweusi na mimi nimekaa mbele yake natabasamu, nikiwaza gauni langu.

"Huyu amependa mtu," Mama alimwambia Baba. "Mtu hawezi kuunguza senene akiwa na akili zake."

Sikuwa nimependa mtu. Lakini nilifikiri labda Mama anajua kuliko mimi, nikakaa siku kadhaa nikijiuliza ni nani.

Halafu yakaja ya Nnalongo. Kulikuwa na nguo ya bluu ya msimamizi wa harusi, haijatiwa mikono. Nnalongo akaiweka mezani kwangu, akasema neno, akatoka kwenda sokoni. Nilisikia, "Ona hii." Nikaiona. Niliigeuza mbele na nyuma, nikaitundika vizuri, nikaitazama kwa heshima kubwa. Aliporudi akaikuta imetundikwa vile vile.

"Nafula! Hii mbona iko hivi?"

"Nimeiona, Nnalongo. Ni nzuri sana."

"Banange!" Akashika kichwa. "Mimi nasema shona, wewe naangalia tu kama televisheni! Mwenye halusi nakuja kesho. Nitampa nini? Nitampa macho yako?"

Wenzangu walicheka mpaka wakaacha cherehani. Mimi pia nilicheka, mimi hucheka upesi. Moyoni nilisema kosa ni la Kiswahili cha Nnalongo. Yeye rangi aliiita langi na harusi aliiita halusi, kama Waganda wengi, kwa hiyo nikaona si ajabu shona yake ikatoka ona. Kila neno lililonipita nililiwekea sababu hiyo hiyo. Mteja wa Kikongo akiniambia jambo nisielewe, ni Kikongo chake. Dada wa benki akizungumza, ni Kiingereza chake. Mji huu una lugha nyingi mno, mtu anaweza kuzibwa masikio kwa muda mrefu akidhani anaishi na wageni tu.

Lakini Mama hakuwa mgeni.

Mama yangu ni mwanamke mdogo, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi namba moja. Baba kwa upande wake alizungumza kwa kelele siku zote. Tulisema ni mashine za kahawa zilizomharibu masikio, ndiyo maana anapiga kelele, na ndiyo maana redio yake ilisikika mpaka barabarani. Baba akiita, "Nafula!" niliruka. Mama akiita, nilibaki nilipo. Sikuwa nachagua. Kwangu mimi Mama alikuwa ameanza kunyamaza, na nilishindwa kuelewa kwa nini ananyamaza huku midomo inatembea.

"Kwa baba yako una masikio," alisema siku moja, ameniinamia usoni kabisa. "Kwangu mimi unakuwa jiwe. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Mama. Sijakusikia."

"Hujanisikia! Na wanaume wote wa kiwandani unawasikia. Yule wa magunia akisema habari, unajibu kabla hajamaliza."

Ilikuwa kweli. Ndilo lililonichanganya kuliko yote. Wanaume niliwasikia. Nilikaa nikajipima kama fundi anavyopima kitambaa: labda ni kweli nina kiburi kwa wanawake? Labda moyo wangu ni mbaya na mimi sijui? Nilisali niondolewe kiburi. Sikusali kuhusu masikio, maana sikuyashuku.

Tuliyagusa masikio, lakini kwa kubahatisha. Mvua za kwanza za mwaka ndizo nazikumbuka kama wakati wa mafuta: jirani alisema ni ubaridi, Mama akawa ananidondoshea mafuta ya kula yaliyopashwa moto, nikienda kazini shingo inateleza. Kiangazi kikawa wakati wa matone ya duka la dawa. Halafu kuoshwa: maji ya uvuguvugu yakasukumwa ndani kwa bomba, nta ikatoka, kila mtu akashangilia ile nta kama mtoto aliyezaliwa. Nikasikia vizuri kwa imani, jioni moja hivi. Wakati wote huo mwili ulikuwa unabadilika taratibu. Shingo ilianza kuuma, kumbe nilikuwa naigeuza kufuata midomo ya watu. Jioni nilikuwa nimechoka kama niliyebeba matofali, na nilikuwa nimeshona tu na kuzungumza. Ukaja pia mlio kichwani, mwembamba, kama kifuniko cha sufuria kinachotetemeka juu ya mvuke. Niliinuka mara nyingi kwenda kuzima jiko lililokuwa limekwisha kuzimwa. Na nikaanza kuzungumza kwa kelele kama Baba. Nnalongo aliniuliza kama nafanya mazoezi ya kuuza nyanya.

Mama naye akachoka. Aliacha kuniita. Akinitaka alimtuma mtu, au alikuja akaweka kitu mbele yangu bila neno, akaondoka. Ukitaka kujua nini kilikuwa kizito zaidi katika ugonjwa huu, ni hicho. Mtu kuitwa na mama yake huwa unaona ni usumbufu. Ngoja uache kuitwa.

Siku mafuta ya kukaangia yalipomwagika nilikuwa nyuma ya kibanda, naosha sufuria. Baba alikuwa pembeni na redio yake sikioni, ametoka zamu. Mguu mmoja wa meza ukazama kwenye tope, karai likainama, mafuta ya moto yakamwagika kwenye mkono wa Mama. Alilia jina langu. Alilia jina la Baba. Mimi nikaendelea kusugua, nikiimba kimoyomoyo. Nilichoona kwanza ni fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara akivuka mbio katikati ya magari, mdomo wazi. Nikageuka kuangalia anakimbilia nini, nikamwona Mama ameketi chini, amekumbatia mkono wake.

Fundi alikwisha kummwagia maji ya ndoo. Akatugeukia.

"Nyinyi watu ni wa namna gani? Mtu analia hapa! Hamna masikio?"

Lilikuwa tusi. Lakini Baba, ambaye husikia nusu ya maneno na kuyachukua yote kwa uzito, alisimama na redio yake mkononi akanitazama muda mrefu.

"Wewe hukusikia?" akaniuliza.

"Sikusikia, Baba."

"Hata mimi," akasema. "Na tumekaa hapa wote wawili."

Mama aliinua uso. Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuiandika.

Kwenye zahanati, nesi aliyemfunga Mama bandeji alikuwa amefunika mdomo kwa kitambaa. Aliponiambia jambo, sikujibu. Akaniambia tena. Mama akageuza uso ukutani, kama kusema, umemwona sasa. Nesi akashusha kitambaa, akasema, "Shika hii bakuli," nami nikaishika mara moja. Akakipandisha tena, akasema kitu, nikabaki namtazama. Akanizunguka akasimama nyuma yangu. Sijui alisema nini huko nyuma. Niliona tu uso wa Mama ukibadilika, kama mtu anayetazama mlango ukifunguka pasipo na mtu.

Nesi akarudi mbele, akashusha kitambaa. "Bambi, pole. Wewe unasikia kwa macho," akasema. Akatuandikia twende kliniki ya masikio, kwenye hospitali ya Mulago. Mimi na Baba, wote wawili.

Kuna wanaoogopa vyumba vya kusubiri. Mimi kile nilikipenda, na nakuambia wewe utakayekwenda: usiogope benchi lile. Ndipo mahali pa kwanza nilipopumzika, kwa sababu hakuna aliyekuwa anangoja nisikie. Zamu ya mtu ikifika, nesi alitembea mpaka alipo, akamgusa bega. Kulikuwa na mzee amevaa kofia ya sufu na kanzu, alinionyesha kwa vidole kwamba amekaa sana na njaa inamuuma, nami nikamwonyesha kwamba mandazi yako kwenye mfuko. Tulikula. Tulizungumza mengi na sijui lugha yake mpaka leo.

Aliyetupima alikuwa kijana anayeitwa Opio, mwanafunzi aliyekuwa akijifunza kazi chini ya daktari. Alinifungia kwenye kijumba kidogo, akanivika visikizi, akanipa kitufe nibonyeze nikisikia mlio. Nilibonyeza hata pasipo na mlio, kwa sababu nilikuwa na wangu kichwani. Alivumilia. Na alipozungumza, jamani, kila neno lake lilifika. Kila neno! Nikajisemea, hili sasa ndilo pendo alilosema Mama. Nilimpenda mpaka tulipotoka nje, askari wa getini akasema, "Piteni huku," nikalisikia lote vizuri, nikahisi vile vile kabisa. Ndipo nilipoelewa kwamba ni sauti nzito tu.

Daktari alikuja, akatazama, akamwachia Opio atueleze kwa Kiswahili. Naandika nilivyoelewa, na sikuelewa yote. Alisema ndani kabisa ya sikio kuna vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye nywele kichwani. Sauti ikija, nywele zinainama, mlango unafunguka, chumvi ya aina fulani inaingia, na hiyo ndiyo inayoleta umeme mdogo wa kupeleka habari kwenye ubongo.

"Umeme?" Baba akauliza. "Kwenye sikio?"

"Ndiyo, Mzee. Mdogo sana."

"Na ukikatika?"

Opio alicheka kidogo, halafu akaacha. "Huo ukikatika haurudi."

Akaendelea. Chumvi ikiisha kuingia lazima itoke kwa mlango wa nyuma, ili kijumba kipumue kingoje sauti nyingine. Alisema hapa hawana namna ya kuutazama mlango wenyewe, lakini kwa jinsi sauti zinavyotupotea, mimi na Baba kwa mfano mmoja, wanafikiri milango yetu ya nyuma ni mizito tangu tumboni. Chumvi inabanwa, kijumba kinachoka, mwishowe kinakufa. Vinatangulia vinavyoshika sauti nyembamba.

"Ni mashine za kahawa," Baba alisema.

"Labda mashine zimeongeza. Lakini huyu binti hajafanya kazi kwenye mashine. Mzee, mama yako alisikia vizuri?"

Nilimjua bibi yangu, Kukhu, kwa sifa moja tu: kwamba alikuwa na kiburi. Watu wa kijijini walimsalimu akapita. Alizikwa na sifa hiyo. Baba akavua kofia yake, akaikunja, akaikunjua.

"Watu walisema anadharau," akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Niliisoma midomoni.

Mama, mkono wenye bandeji kifuani, alikuwa ameshika jambo jingine. "Hiyo chumvi," akauliza, "ni hii ya kupikia?"

"Hapana, Mama. Inaitwa potasiamu. Kama ile iliyo nyingi kwenye ndizi."

Hapo ndipo ukaanza wakati wa ndizi.

Lazima ujue kwamba mama yangu, miaka yote ya Kampala, hakuwahi kupika matoke. Alisema ni chakula cha mtu asiye na meno. Kwetu ni ugali, basi. Lakini kuanzia siku ile, asubuhi matoke, jioni matoke, katikati bogoya, zile ndizi tamu kubwa, anazileta mpaka kwa Nnalongo ndani ya mfuko. Alizimenya mwenyewe, mkono wa kushoto ukishika kisu na wa kulia, wenye kovu jipya jekundu, ukishikilia ndizi kwa ncha za vidole. Utomvu ulimwingia kwenye ngozi changa, nikaona anauma meno. Hakuniita bado. Hakusema pole, wala hakungoja niseme. Alimenya.

"Mama yako nakuwa Muganda sasa," Nnalongo alifurahi. "Mwambie aje nimfundishe kufunga matoke kwa majani."

Mimi na Baba tulikula. Nilinenepa uso. Sikujua kama nasikia zaidi au nashiba zaidi, na niliogopa kumwambia Mama sijui. Alikuwa ananitazama nikitafuna kama mtu anayetazama chungu kianze kuchemka.

Mvua zilipita, tukarudi kupimwa. Kusikia kwetu kulikuwa kumeshuka kidogo tena. Opio alieleza polepole, akitutazama. Mama alisimama.

"Lakini amekula ndizi!" alisema. Hilo nililisikia, maana alilia nalo. "Kila siku amekula. Muulize baba yake. Nimemenya kila siku!"

Opio hakucheka. Nitamshukuru mpaka kesho kwa kutokucheka. Akavuta kiti karibu yake.

"Mama, ndizi ni nzuri. Lakini hawa hawajapungukiwa chumvi. Ni mlango ndio mgumu. Ukijaza nyumba watu, mlango haulegei."

"Basi mikono hii nifanye nayo nini?"

"Ipumzike. Tunachotaka ni sauti yako. Usipaze, ukipaza inazidi kuwa nyembamba. Ishushe. Itoe hapa." Akajigusa kifuani. "Na umtazame, akuone mdomo."

Mama alijaribu pale pale. Ikatoka kama mtu mwenye mafua. Akaona haya, akajifunika kwa khanga.

Sikumwona akifanya mazoezi. Jirani ndiye aliyenichekea, kwamba mama yako siku hizi anazungumza na makarai yake kama padri. Halafu, siku ya kawaida tu, niko nyuma ya kibanda nakausha vikombe, nikasikia jina langu. Zito, limepinda kidogo, linatetemeka mwishoni. Nilifikiri ni mwanamume nisiyemjua. Nikachungulia. Wateja wa kiwandani walikuwa wameshika chai, wanacheka waziwazi, na katikati yao Mama amesimama, kidevu kimeshuka kifuani, ananitazama.

"Nafula," akasema tena kwa sauti ile.

"Abee, Mama!"

Akasahau alichokuwa anakitaka. Alibaki amenishika mkono, akiwaambia wateja, "Ameitika. Mmesikia? Ameitika."

Jioni ile Baba naye alisikia mambo. Alimsikiliza Mama mlo mzima, kijiko hewani, mwisho akasema, "Kumbe wewe unasema mengi! Miaka yote hii nilikuwa najibu tu ndiyo."

"Ndiyo maana ulikubali tuuze baiskeli," Mama akamjibu, kwa kifua.

Sasa nina kifaa cha kusikilizia kwenye sikio la kushoto. Kinanirudishia mkasi, mvua ya bati, viatu vya watu, lakini kila kitu kinasikika kama kimepitia kwenye kopo, na sauti nyembamba kabisa bado hazipiti. Senene sijawasikia tena. Nilimwuliza Opio kusikia kwangu kutashuka mpaka wapi, akasema hajui, na nilipenda kwamba alisema hajui. Kuna siku nacheka, kuna siku nakaa kwenye cherehani nikijiuliza kama bibi harusi wa gauni langu nitamsikia anapotaja kipimo. Nikiwa na mtoto, je, naye? Nimeuliza wengi. Bado nimechanganyikiwa, kama wewe unayesoma.

Juzi betri ilikuwa imekwisha. Mama alikuja kazini kwa Nnalongo na aproni yake iliyochanika mfukoni, akaiweka mezani kwangu. Akasimama mbele yangu, akashusha kidevu.

"Shona hii," akasema.

Nilisikia "ona hii," kama zamani. Lakini nilikuwa namtazama, na kabla ya neno midomo yake ilichongoka mbele, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Ile sh. Sikuisikia. Niliiona.

Nikaitundika aproni ukutani, nikaitazama mbele na nyuma.

"Nimeiona, Mama. Ni nzuri sana."

Alinichapa nayo kichwani, huku Nnalongo akiita banange, nami nikatia uzi kwenye sindano.